NANI MWENYE BENDI? Msondo, Shirati Jazz na wanamuziki waliokuwa wanahamahama

Najua nimepotea. Kazi za darasani zimenibana, bumu nalo ndo hivyo, limeingia na limeshatoka. Leo naomba niachane kidogo na stori za hosteli, niwape historia. Msikimbie, ni historia ya bendi.

Chanzo ni ubishi. Tulikuwa tumetoka semina, tunajadili sanaa na siasa, mshkaji mmoja anayependa sana punk ya Uingereza akasema Tanzania hatujawahi kuwa na bendi ya siasa hata moja. Eti wanamuziki wetu wa zamani walikuwa machawa tu wa chama na serikali, wanasifia Azimio, wanasifia kilimo, basi. Akatutajia The Clash, bendi ya London iliyoanza 1976, kwamba wale ndo walikuwa na msimamo.

Sasa mimi The Clash naifahamu kidogo, na kitu kinachonivutia kwao ni jinsi walivyovunjika. Mpiga ngoma wao Topper Headon aliondolewa 1982. Mwaka uliofuata akafukuzwa Mick Jones, mtu aliyeianzisha bendi. Waliobaki wakaendelea na jina lilelile, wakatoa albamu moja 1985, na 1986 ikawa mwisho. Kwa hiyo swali ni hili: bendi ni nani? Ni jina, ni watu, ni vyombo au ni nyimbo? Na anayeamua hilo ni nani?

Ukilileta swali hilo hapa kwetu, utaona kwamba siasa ya bendi zetu haikuwa kwenye maneno ya nyimbo peke yake. Ilikuwa pia kwenye orodha ya majina ya wanamuziki, yaani nani kaingia, nani katoka na kaenda wapi. Nitachukua bendi mbili. Moja ni ya Dar es Salaam, iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Nyingine ina jina la kijiji cha huku kwetu Kanda ya Ziwa, ila iliishi ng'ambo ya mpaka.

Tuanze na ya Dar, ambayo mnaijua kwa jina la Msondo Ngoma.

Wengi wetu tunaisikia Msondo kwenye redio Jumapili mchana wazee wakiwa wamekaa na chai, tunadhani ni muziki tu wa kukumbukia ujana. Lakini bendi hii ilizaliwa ndani ya siasa kabisa. Mwaka 1955 lilianzishwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Vyama hivyo vilikuwa na nguvu kweli wakati wa kudai uhuru, vilikuwa vinagoma na wakoloni wanahema. Baada ya uhuru hali ikabadilika. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa sheria ya migogoro ya kazi ambayo ilifanya kugoma kihalali kuwe kugumu mno. Halafu Januari 1964 wanajeshi wakaasi. Serikali ikakamata viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, TFL ikavunjwa, na mahali pake kikaundwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, aliteuliwa na Rais, na wakati huohuo alikuwa waziri wa kazi. Yaani mtu anayekutetea kwa mwajiri ndiye huyohuyo anayekaa serikalini.

Mwaka huohuo wa 1964 NUTA ikaanzisha bendi, ikaitwa NUTA Jazz.

Hebu fikiria mambo yalivyokuwa. Kabla ya hapo bendi za dansi zilikuwa za vilabu vya watu wenyewe, kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, na kule Tabora, Tabora Jazz. Wengi wao walikuwa na kazi zao mchana, usiku wanapiga. Sasa taasisi ya umma inakuja na vyombo vipya, na inakuajiri kwa mshahara wa mwezi kama karani. Ilikuwa neema. Taasisi nyingine zikafuata mtindo huo. Jeshi, Polisi, Magereza na JKT wakawa na bendi zao. Vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, shirika la bima likawa na Bima Lee. Na redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaka kusikika Mwanza, Kigoma au Newala, unarekodi pale RTD.

Jambo la muhimu kuelewa ni kwamba vyombo vyote vilikuwa vya mwajiri. Gitaa, maikrofoni, ngoma, tarumbeta, spika, mpaka jina lenyewe. Miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na gitaa la umeme si kitu unachochonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Mwanamuziki akiondoka anaondoka na sauti yake na vidole vyake, kila kitu kingine kinabaki stoo ya ofisi.

Sasa tuangalie watu. Nguzo ya NUTA Jazz tangu mwanzo alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, mwaka 1940. Pale alikuwepo pia mpiga gitaa Abel Balthazar. Miaka ya 1970 akaingia kijana mwenye sauti nyembamba inayopaa, Hassan Rehani Bitchuka. Akaingia na mpiga gitaa Saidi Mabera. Majina haya manne yashikeni, yatatusaidia mbele.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Chama cha wafanyakazi nacho kikageuzwa, kikawa JUWATA, jumuiya iliyo chini ya chama. Bendi ikabadilishwa jina pia, JUWATA Jazz. Hakuna aliyewauliza wapiga magitaa wanaonaje. Jina lilibadilishwa kama kibao cha mlangoni.

Na ndani ya mwaka 1978 likatokea lile ambalo wapenzi wa dansi bado wanalibishania. Kampuni ya usafiri na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services, ilianzisha bendi kwenye baa ya Mlimani Park. Gurumo akaondoka JUWATA akaenda huko. Abel Balthazar akaenda. Akachukuliwa Michael Enoch, King Enoch, mkongwe wa Dar es Salaam Jazz. Wakawepo mwimbaji Cosmas Chidumule na mpiga gitaa Joseph Mulenga. Baadaye Bitchuka naye akafuata. Hiyo ndiyo Mlimani Park Orchestra, Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC.

JUWATA ilitakiwa ife, lakini haikufa, kwa sababu vyombo vilikuwepo, mshahara ulikuwepo na jina lilikuwepo. Ilichofanya ni kuajiri wengine. Alikuja Shaaban Dede, mtoto wa Kagera, aliyekuwa amepitia Tabora Jazz. Akaja Moshi William, ambaye alipewa cheo cha TX. Kwa wasiojua, TX ilikuwa alama ya wataalamu wa kigeni walioletwa nchini kwa mkataba. Kumwita mwimbaji TX ni sawa na kusema huyu ni mtaalamu, tumemleta kwa gharama. Hata utani wa wanamuziki ulikuwa na lugha ya ajira.

Halafu 1985 mambo yakajirudia, safari hii Sikinde ndiyo ikalia. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye bendi ya Orchestra Safari Sound, aliamua kuisuka upya. Akawachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo na Abel Balthazar wakiwemo, wakaanzisha OSS ya mtindo wa Ndekule. Bitchuka naye alipita huko, akarudi. Dede alizunguka zaidi ya wote: JUWATA, Mlimani, Bima Lee, OSS, kisha akarudi tena Msondo ambako alikuwa mpaka alipofariki Julai 2017. Gurumo naye alirudi kwenye bendi yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, akastaafu muziki 2013 na kufariki Aprili 2014.

Ukisoma orodha hii haraka utasema hawa watu walikuwa hawatulii. Wazee wengine wanasema hivyo hivyo, kwamba wanamuziki hawana shukrani. Mimi naisoma tofauti. Hawa walikuwa wafanyakazi wa chama cha wafanyakazi. Ilikuwa bendi ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuimba habari za wafanyakazi. Lakini wao wenyewe wakitaka nyongeza ya mshahara, wangefanya nini? Kugoma kulikuwa karibu haiwezekani kisheria. Wangelalamika wapi, kwa chama chao? Chama chao ndicho kilichokuwa mwajiri! Kilichobaki ni miguu. Kuhama ndio ulikuwa mgomo wao. Neno ambalo wanamuziki wa dansi hulitumia kueleza kuhama ni moja tu tangu enzi hizo, nalo ni maslahi. Sita wakihama siku moja, mwajiri anasikia. Hawaandiki waraka wala hawapigi kelele, ila Jumamosi ukumbi unakosa sauti.

Sitaki kuwapaka rangi ya ushujaa kupita kiasi. Walikuwa wanahama kutoka kwa mwenye vyombo huyu kwenda kwa mwenye vyombo yule. Hakuna siku gitaa lilikuwa lao. Na aliyebaki ana hesabu zake pia. Saidi Mabera alikaa na gitaa lake Msondo miaka nenda rudi wakati wenzake wanazunguka, na bila watu wa aina yake bendi isingekuwa na mlio wa kutambulika. Kubaki nako ni kazi. Lakini mkiniambia kwamba watu hawa hawakuwa na siasa kwa sababu waliimba nyimbo za chama, nitawauliza mmesoma upande mmoja wa sahani tu?

Haya, sasa turudi nyumbani, ziwani.

Ukitoka Mwanza kwa barabara unapita Magu, Lamadi, Bunda, unavuka daraja la Kirumi juu ya mto Mara, unaingia nchi ya Wakurya na Wajaluo. Ukikunja kushoto kuelekea ziwani unafika Shirati, siku hizi wilaya ya Rorya, wilaya iliyoanzishwa 2007. Wengi wanaijua Shirati kwa hospitali ya Wamenonaiti, wamisionari waliofika pale 1934. Karibu na hapo, kijiji cha Nyamagongo, ndipo alipozaliwa Daniel Owino Misiani tarehe 22 Februari 1940. Mwaka mmoja na Gurumo, hebu ona.

Wazazi wake walikuwa waimbaji lakini watu wa dini sana, na gitaa kwao lilikuwa jambo la wahuni. Kijana akaondoka. Na alipoondoka hakuelekea Dar. Kwa mtu wa Shirati, Dar ni mbali kuliko Kisumu, mbali kwa kilomita na mbali kwa lugha. Ng'ambo ya mpaka ndugu zake ni walewale na lugha ni ileile. Halafu kuna sababu ya kiufundi ambayo vitabu vyetu vya sekondari havisemi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri kinachofanya kazi. Hata kanda zilizorekodiwa RTD zilipelekwa Nairobi ili zigeuzwe sahani. Studio, viwanda, maduka na maprodyuza walikuwa Kenya. Mwanamuziki asiye na taasisi nyuma yake alifuata kiwanda kilipo. Misiani akahamia Kenya miaka ya 1960 na kuunda bendi, na jina lililokuja kudumu ni Shirati Jazz. Watu wa Nairobi na Kisumu wakawa wanataja jina la kijiji cha Tanzania kila siku bila kufikiria.

Muziki wao ulikuwa benga. Rum-meti wangu ni Mjaluo wa Rorya na ndiye mwalimu wangu kwenye hili. Anasema gitaa la benga linafanya kazi ya nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane cha Wajaluo. Halipigwi kwa kuchapa nyuzi zote kwa pamoja, linadonolewa uzi mmoja mmoja kwa kasi, na besi inarukaruka chini yake kama mtu anayekanyaga dagaa wa moto juani. Waimbaji wawili wanaimba kwa sauti laini, wakinyamaza gitaa la solo linajibu. Ukienda mwaloni Kirumba pale kwenye dagaa, kaa kidogo, utaisikia tu kwenye simu ya mtu.

Sasa nani alikuwa mwajiri wa Shirati Jazz? Hakuna. Hakukuwa na chama, jeshi wala kiwanda. Bendi za benga ziliishi kwa kiingilio, kwa hela ya prodyuza na kwa pakruok. Hii pakruok ni utamaduni mtamu: mtu anatoa hela, muziki unasimama au unapungua, anajisifu au anasifiwa, yeye na ukoo wake na rafiki zake, kisha ngoma inaendelea. Ndo maana nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu. Waliotajwa ndio waliokuwa wanalisha bendi.

Na kwa sababu hakukuwa na mwajiri, safu zilibadilika kwa namna nyingine kabisa. Kule Dar jina linakaa, watu wanahama. Huku watu walikuwa wanahama na jina, au wanalikata vipande. Angalieni neno Victoria, jina la ziwa letu. Ochieng Nelly Mengo na Collela Mazee wamewahi kuongoza, mara pamoja, mara kila mtu kivyake, bendi kadhaa zilizoitwa Victoria Jazz, Victoria Kings na majina ya kufanana na hayo. Ukipanga sahani zao mezani unaweza kuchanganyikiwa nani yuko wapi. Mkataba nao ulichangia. Bendi iliyofungwa kwa prodyuza mmoja ilikuwa ikirekodi kwa prodyuza mwingine kwa jina jipya, vidole ni vilevile. Maprodyuza wakawa wakubwa kuliko bendi. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge, alisambaza sahani za benga mpaka kusini mwa Afrika, na Zimbabwe watu wakawa wanauita muziki wenyewe kanindo. Hivyo hata bila mwajiri, mwenye mali alikuwepo.

Watanzania wengine waliokwenda Nairobi waliyapitia hayohayo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliongoza Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki likajitoa likaunda Les Wanyika, baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Neno Wanyika likagawanywa kama shamba la urithi. Mwaka ni uleule Gurumo alipohama JUWATA, lakini yeye asingeweza kuondoka na neno JUWATA hata nusu yake.

Turudi kwa Misiani. Kwenye Shirati Jazz wapigaji waliingia na kutoka, lakini yeye hakutoka, kwa sababu bendi ilikuwa yeye. Hapa ndipo siasa inapoingia kwa nguvu. Wakenya walimpa jina la Mfalme wa Historia. Aliimba habari za Wajaluo, habari za Biblia, habari za dunia, na aliimba wanasiasa kwa mafumbo, wanyama wa porini wakisimama mahali pa wakubwa. Kumbukeni Nyanza ya wakati huo. Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo watu walipigwa risasi Kisumu siku Rais Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Agosti 1982 lilitokea jaribio la mapinduzi. Februari 1990 akauawa Robert Ouko. Kuimba siasa kwa Kijaluo katikati ya hayo yote halikuwa jambo la mchezo. Misiani alikamatwa na kuwekwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake.

Na alikuwa na udhaifu ambao mwanamuziki Mkenya hakuwa nao. Alikuwa Mtanzania. Wakubwa walipokasirika walimtishia kumrudisha kwao. Kati ya 1977 na 1983, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa. Kwa mtu ambaye kazi yake, studio yake na wasikilizaji wake wako upande mmoja, na kaburi la babu yake liko upande mwingine, kufukuzwa nchini kulikuwa na maana ya kunyamazishwa. Nyumbani angepata nini? Asingepata kiwanda cha sahani, na redio ya taifa ilikuwa ya Kiswahili. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linaloeleza mafumbo yake. Mwenye uraia anaweza kusema wazi akafungwa halafu akatoka. Mgeni lazima aseme kwa namna ambayo msikilizaji ataelewa na afisa uhamiaji atabaki anajikuna kichwa.

Sasa tuziweke bendi mbili hizi mezani pamoja.

Msondo ilikuwa na vyombo, mshahara na redio. Bei yake ilikuwa kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye mdomo. Wanamuziki wake walipata njia moja ya kusema hapana, kuondoka. Shirati Jazz haikuwa na mshahara wala ofisi. Ilipata mdomo wake, na bei yake ilikuwa selo na vitisho vya mpakani. Kule uhuru ulikuwa kwenye miguu, huku ulikuwa kwenye ulimi. Ukimwuliza Gurumo wa 1978 angependa kubadilishana na Misiani, sijui angesema ndiyo. Mshahara wa mwezi unalisha watoto, jamani. Sisi tunaosubiri bumu tunalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2006 unaonyesha tofauti hii vizuri kuliko maneno yangu. Mwezi Machi alifariki TX Moshi William, sauti kubwa ya Msondo. Wapenzi walilia, lakini wiki zilivyopita Msondo ikapanda jukwaani, waimbaji wengine wakashika nafasi. Kufikia hapo bendi ilikuwa imeshapitia NUTA, JUWATA, na OTTU iliyoundwa 1991 wakati siasa ya chama kimoja inaelekea ukingoni. Vyama vilivyoimiliki vilikuja na kupita, ikabaki na jina la mtindo wake wenyewe, Msondo. Jina ambalo hakuna waziri aliyelitoa. Kimtindo, mwishoni wanamuziki walishinda: jina la ofisi limekufa, jina la ngoma limebaki.

Mwezi Mei, tarehe 17, Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu. Huku hakukuwa na katibu mkuu wa kuitisha kikao atafute mwimbaji wa kuziba pengo. Nani angeziba? Bendi ya mtu mmoja ikimpoteza mtu huyo, inabaki kwenye sahani na kanda.

Mimi nasomea ualimu, na nikienda mazoezi ya kufundisha nitapewa mada ya Azimio la Arusha au vyama vya wafanyakazi. Mtaala utanitaka niandike ubaoni sababu tano na matokeo sita, na nitaziandika, mtihani ni mtihani. Lakini nataka niwape wanafunzi na kitu kingine, orodha mbili za majina. Nani alikuwa bendi gani mwaka gani. Niwaache wenyewe waulize kwa nini huyu kahama, kwa nini huyu kabaki, kwa nini huyu jina lake la bendi ni la kijiji cha Tanzania na yeye amekamatwa Kenya. Mtoto akishauliza nani alikuwa mwenye gitaa, ameshaanza kuielewa ile sheria ya 1962 bila kuikariri.

Na wazee wapo, wadau. Waliocheza dansi kumbi za Mwanza bendi za Dar zilipokuwa zikizunguka mikoani. Waliovuka na boti kwenda Kisumu kununua sahani. Waliowahi kupiga hata ridhimu kwenye bendi ya kiwanda. Hawajaandikwa popote, na kila msiba tunaokwenda tunapoteza ukurasa. Ukienda likizo, mkalishe babu au mjomba, muulize: mlikuwa wangapi kwenye bendi, nani alikuja baada ya nani, na vyombo vilikuwa vya nani? Muandike. Msiniachie mimi peke yangu.

Ngoja niwahi maktaba kabla hawajafunga. Tuko pamoja.